Barua kwa Mwanakombo, nikitoka Bukini (Madagaska)

Kibokoni, Mombasa
14 Agosti

Shogangu Mwanakombo,

Assalamu aleikum. Mimi huku sijambo, hofu ni juu yako wewe na watoto. Nimerudi Jumapili salama, alhamdulillahi, ila baridi ya kule bado imo mifupani.

Swali lako la siku ile pale feri nimelibeba safari nzima. Uliniuliza, "Kwani watoto wa Lungalunga wamekwisha, hata uende kuwauguza wa Bukini?" Sikukujibu. Watu walikuwa wanasukumana kupanda, na ukweli ni kwamba jibu sikuwa nalo. Leo ninalo, lakini si fupi, kwa hivyo kaa kitako.

Antsirabe, huko Bukini, tulikokwenda na kikundi chetu kuwapasua watoto waliozaliwa na mdomo au kaakaa lililo wazi, ni mji wa mlimani, kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari, na Julai na Agosti ndiyo baridi yao yenyewe. Siku ya kwanza tulifika hospitali kabla ya kupambazuka, tukakuta uwanja umejaa kina mama waliojifunika lamba, ambayo ni kama leso zetu, watoto migongoni. Kuna waliotembea siku mbili. Nilikuwa nimeogopa lugha, kumbe salamu yao ni "salama". Kuku wanamwita akoho, ng'ombe omby, mbwa amboa, na kanga, yule ndege, akanga. Maneno ya huku kwetu yaliyovuka maji tangu enzi. Nilisikia raha usiyoijua.

Kazi yangu ilikuwa kupima uzani, kisha kuwapokea watoto wakitolewa chumba cha upasuaji. Wewe unajua mdomo uliopasuka hivyo sisi tunauita mdomo wa sungura, neno nisilolipenda, maana mtoto hulisikia uwanjani mpaka akakosa jina lake. Kule nako lawama ni ya mama. Mmoja aliniambia kwa mkalimani kwamba wakwe walimfukuza kwa kuzaa mtoto yule. Nikamwambia mdomo wa mtoto hufungana tumboni kati ya wiki ya 4 na ya 7, na kaakaa huwa limekwisha kufungana kufikia wiki ya 9. Wiki hizo mwanamke mwingine hajajua hata kama ana mimba. Atakuwa amekosa nini? Alinyamaza, akaniomba nimwambie tena, safari hii mumewe akiwa karibu.

Nikueleze upasuaji wenyewe. Mdomo peke yake ni kama saa moja. Daktari haanzi na kisu, huanza na wino. Hutia vidoti vya buluu juu ya mdomo na chini ya pua, akapima, akafuta, akatia tena, nami nikamkumbuka marehemu baba akitia alama kitambaa cha kanzu kabla ya kushika mkasi. Mkato huo aliubuni Mmarekani, Ralph Millard, alipokuwa Korea miaka ya 1950: upande mmoja wa mdomo unazungushwa ushuke upate urefu, wa pili unasogezwa kuziba pengo. Hakitupwi kitu. Nyama yote ilikuwepo tangu mwanzo, haikukutana tu.

Siku ya tatu ilinitia adabu. Mtoto wa miaka miwili alikuwa wa kwanza kwenye orodha, mama kaapa hajamlisha kitu. Nikimbadilisha nguo nikaona punje ya wali imeganda kwenye ukosi. Bibi yake alikuwa amempa wali alfajiri, akamteremshia na ranovola, yale maji wanayochemshia ndani ya sufuria yenye ukoko. Mama alijua, akaficha, kwa hofu ya kupoteza nafasi. Na wewe unajua nusukaputi na tumbo lililojaa: chakula hupanda, kikashukia mapafuni, basi tena. Nilipomwita daktari wa usingizi mama alipiga magoti. Tulimwinua, tukamwahidi kesho yake, na kesho yake mtoto akapasuliwa. Lakini kosa lilikuwa letu. Tuliwaambia wasilishe, hatukuwaambia kwa nini, wala hatukuwaambia kwamba nafasi haipotei.

Sasa nije kwa huyu ambaye simwachi moyoni. Msichana wa miezi 8, kaakaa wazi mpaka nyuma, mdomo wazi. Nilimweka kwenye mizani mara tatu: kilo 3.9. Sheria ya zamani ya upasuaji wa mdomo ni wiki 10, kilo 4 na nusu, na kipimo cha wingi wa damu kisichopungua 10. Huyu alikuwa na umri, hakuwa na mwili. Mtoto wa kaakaa wazi hawezi kuvuta titi, maana mdomo hauzibiki hewa. Hujitahidi mpaka akachoka, maziwa yakatokea puani, akalala na njaa. Mama alikuwa na maziwa tele, yamelowesha nguo, na mtoto anakufa njaa kifuani pake. Daktari alisema hapana, na alisema kweli. Mimi ndiye niliyepeleka neno.

Basi nilikaa naye siku zote zilizobaki. Nilimfundisha kukamua, kumkalisha mtoto wima, kumpa kwa kijiko kidogo kidogo, kumpumzisha, kumcheuza, kuanza upya. Mlo mmoja ulichukua dakika arubaini. Tulipoondoka alikuwa na kilo 4.1. Gramu mia mbili, Mwanakombo, na mtoto yule hata kuingizwa ndani hakuingizwa.

Njiani kurudi walikuwa wakizungumza habari za daktari Mmarekani, Bill Magee, na mkewe Kathy, walivyokwenda Ufilipino mwaka 1982 wakawatengeneza watoto kama 40 na kuwarudisha wengi kuliko hao, wakaahidi watarudi, na hapo ndipo lilipozaliwa shirika la Operation Smile. Kikundi chetu si chao, ila nilielewa ahadi ile imetoka wapi. Na bado nina neno. Wageni wa wiki moja wakishaondoka, kaakaa likifunguka tundu mwezi wa pili, ataziba nani? Nani atamfundisha mtoto kutamka? Kilichonipa moyo ni kuwa madaktari wawili kati ya watatu walikuwa wenyeji, na muuguzi wao ndiye aliyebaki na orodha ya waliorudishwa. Shirika jingine, Smile Train, tangu mwaka 1999 hufuata njia hiyo, kuwawezesha madaktari wa nchi yenyewe, na hapa Kenya zipo hospitali zinazofanya upasuaji huu bure kwa msaada wao. Sisi huku visu tunavyo.

Kwa hivyo hili ndilo jibu lako. Watoto wa Lungalunga hawajakwisha. Hawaonekani mapema, basi. Hesabu inayotajwa sana duniani ni mtoto mmoja katika kila 700. Ukizalisha wawili kwa siku, katika mwaka anapita mmoja mikononi mwako. Mdomo uliopasuka utauona tu. Kaakaa peke yake, mdomo ukiwa mzima, halionekani usipolitafuta, na mama hurudi nyumbani akaambiwa mtoto ana uvivu wa kunyonya. Nakuomba, kila mtoto, kabla hujamfunga nguo: kidole safi juu ya kaakaa mpaka nyuma, kisha tochi, uangalie kwa macho. Usiridhike na kidole. Ukimpata, nipigie hata usiku wa manane, nije na kijiko changu.

Yuko kijana mmoja nilisahau kukuhadithia, wa miaka 9, hasemi na mtu, mkono haumtoki mdomoni. Nilimchorea kuku nikasema "kuku", akanisahihisha, "akoho". Nikamchorea mbwa. Mpaka kufika kanga alikuwa anacheka, nami naogopa nyuzi zisije zikakatika. Siku ya kuondoka mdomo ulikuwa umeshikana vizuri kabisa, na mkono bado uko pale pale.

Jumamosi ukivuka, njoo kabla ya adhuhuri. Nimekuwekea tochi ndogo na chupa mbili laini za kukamuliwa, zile za watoto wasioweza kuvuta. Mahamri nitapika mimi, mbaazi lete wewe.

Nisalimie mama na watoto.

Wako akupendaye,
Fatma