Nyota ulizozikimbia

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Barua yako niliipata juzi na nimeirudia mara tatu, hasa pale unaposema umeme ulikatika, mkatoka nje, ukainua macho, na badala ya kuburudika ukaingiwa na hofu, ukarudi ndani ukafunga mlango. Wenzako walikuwa wakisema "nzuri, nzuri!" Ukaniuliza kama una kasoro.

Huna. Kosa ni la neno. "Zuri" tumelitwika kila mzigo: ua zuri, sauti nzuri, hata radi ikipiga mbali utasikia mtu akiisifu kuwa nzuri. Mwanafalsafa Edmund Burke, mzaliwa wa Dublin, Ireland, aliyatenga mambo haya mwaka 1757, akiwa na miaka 28 tu. Kwake kizuri ni kile kidogo, laini, chororo, ambacho moyo unakipenda bila kushurutishwa. Kile kingine ni kikubwa, kina giza na nguvu, na mzizi wake ni hofu. Mimi hicho cha pili nakiita adhama, na hali inayotupata mbele yake naiita kicho. Maneno tunayo, basi tu tumeyaachia mahubiri.

Burke aliweka sharti: hatari ikikusogelea mno, raha yote hutoweka. Aliye ndani ya chombo kinachozama haoni adhama ya bahari, anatafuta ubao wa kushika. Anayesisimkwa ni yule aliyesimama nchi kavu. (Jambo hili huniudhi kidogo, maana linaifanya adhama kuwa anasa ya waliosalimika.)

Lakini nyota hazikukutishia chochote. Hapo ndipo Immanuel Kant, mwanafalsafa Mjerumani, katika kitabu chake cha 1790, anaposaidia: mbali na adhama ya nguvu, kama ya volkano na tufani, ipo adhama ya ukubwa. Jicho linakusanya kidogo kidogo, na likifika mbele, yale ya mwanzo yameshaponyoka. Alitoa mfano wa piramidi za Misri. Ukizikaribia mno, kabla macho hayajafika kileleni umeshapoteza mawe ya chini. Ukiwa mbali mno, mawe yenyewe huyaoni sawasawa. Cha kuchekesha ni kwamba Misri hakuwahi kufika, alisoma habari za msafiri Mfaransa.

Kisha anasema kwamba tukishashindwa hivyo, akili inagundua kuwa inaweza kuwaza kisicho na mwisho, ikajiona imeyapita maumbile yote. Hapo naachana naye. Usiku tuliomzika mama nilikaa nje peke yangu chini ya nyota hizo hizo. Sikujiona nimepita chochote. Nilijiona punje, na upunje ule ulinipumzisha, kwa sababu tangu asubuhi msiba wangu ulikuwa umeijaza dunia nzima, na sasa ulikuwa na mahali pa kukaa. Nikalia, lakini si kilio cha mchana. Kilio cha mchana kilikuwa kinanikaba; hiki kilikuwa kinanifungua kifua. Mpaka leo sijakipatia jina, na Burke na Kant wote wawili hawajanipa.

Kwa hiyo na mimi nikuulize. Ulipofunga ule mlango, ulikaa muda gani kabla ya kuufungua tena? Nakujua, uliufungua.

Ni mimi wako wa siku zote.