Rangi za Desemba zisubiri makinda

Ndugu Mhariri,

Kila ikifika Novemba, Moshi inanukia rangi. Wenyeji wanajiandaa kurudi kutoka Dar es Salaam kula Krismasi nyumbani, na hakuna mwenye jengo anayetaka wakute kuta zake zimebabuka. Mimi ni fundi rangi. Msimu huu ndio unaoninunulia sare na madaftari ya Januari, kwa hiyo siandiki kuupinga.

Ninaandika kuhusu viota. Mwaka jana nilipewa ghorofa ya zamani, si mbali na Soko Kuu. Juu ya varanda, pale paa linapokutana na ukuta, viota vilikuwa vimebanana kama vibuyu. Bosi akasema, "Kwangua vyote, hivyo ni vya zamani." Nikapanda mirunda na kisu changu. Cha kwanza kilianguka na makinda mawili yasiyo na hata unyoya. Kijana wangu aliyekuwa chini akaniuliza tuyaweke wapi. Sikuwa na jibu.

Wengi tunamwita ndege yule mbayuwayu, lakini ni teleka. Mbayuwayu utamwona ametua kwenye waya wa umeme, na kiota chake ni cha tope. Teleka hawezi kutua kwenye waya. Vimiguu vyake ni vya kung'ang'ania ukuta tu. Hula na kunywa akiwa angani, na hudaka humo humo manyoya na majani yanayopeperuka, kisha huyagandisha ukutani kwa mate yake. Yule wa mjini kwetu ni mweusi, ana kiuno cheupe, na mabawa yamepinda kama mundu.

Hilo neno "vya zamani" ndilo linalotuponza mafundi. Teleka huyu hulala kiotani mwaka mzima, hata kama hana mayai, kwa hiyo kiota kikuukuu bado kina wenyewe. Akitaga, huatamia wiki kama tatu, halafu makinda hukaa wiki nyingine tano au sita kabla ya kuruka. Ukihesabu kuanzia mvua za vuli, kumbikumbi wanapotoka na chakula kinapojaa angani, unaangukia palepale tunaposimamisha mirunda.

Malalamiko ya kinyesi ni ya kweli. Hakuna mteja anayependa kuchafuliwa shati mlangoni. Ubao mmoja juu kidogo ya mlango wa fremu unamaliza kesi. Usiupandishe karibu na viota, maana teleka huanza kuruka kwa kujiachia chini, anahitaji nafasi.

Uingereza walichelewa. Waliziba matundu ya nyumba za zamani, na teleka wao wamepungua kwa zaidi ya nusu tangu 1995. Sasa mji wa Brighton unadai majengo mapya yanayozidi mita tano kwenda juu yajengewe matofali yenye tundu la kiota. Sisi bado hatujafika kwenye kununua tofali la ndege. Naomba tu halmashauri, inapotoa vibali vya ukarabati, iulize kama juu kuna viota, na wenye majengo wakubali tuache futi moja ya ukuta bila kuguswa.

Ghorofa ile nimeitiwa tena mwaka huu. Nimemwambia bosi nitapaka chini yote, juu nirudi makinda yakisharuka. Bado hajanijibu.

Fundi rangi,
Pasua, Moshi