Mmemwacha Boris Barnet

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma yote makala yenu kuhusu sinema ya Kisovieti. Waongozaji Eisenstein, Pudovkin na Vertov wanastahili sifa mlizowapa. Lakini mwongozaji mwenzao, Boris Barnet, hamkumtaja hata kwa mstari mmoja, na hilo limeniuma.

Barnet alizaliwa Moscow mwaka 1902. Alikuwa bondia, na mwongozaji wa filamu Lev Kuleshov, aliyewafunza waigizaji wake kusema kwa mwili mzima, akamchukua. Mwaka 1924 aliigiza mchunga ng'ombe wa Kimarekani anayezua vurugu Moscow kwa kamba na bastola. Kufika 1927 alikuwa ameshaongoza kichekesho chake mwenyewe, cha msichana mshona kofia.

Mimi nilisomea udaktari Baku, mji mkuu wa Azerbaijan, miaka ya themanini, na huko ndiko nilikoiona filamu yake ya 1936, iliyopigwa kwenye Bahari ya Kaspi. Mabaharia wawili, Alyosha na Yusuf, wanavunjikiwa na chombo, wanaokolewa na wavuvi, kisha wote wanampenda Masha wa ushirika wa uvuvi. Kisa ni hicho tu. Lakini mawimbi yale! Mimi ni mtoto wa Pangani, najua bahari inavyochafuka, na sijaona mwingine aliyeipiga picha kwa mapenzi kama yale. Shanga za Masha zinapokatika na kudondoka polepole, moja moja, moyo unadondoka nazo.

Kabla ya filamu hiyo, mwaka 1933, Barnet alitoa "Okraina", filamu yake ya kwanza yenye sauti. Ni mji mdogo wa mafundi viatu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mateka wa Kijerumani, naye fundi viatu, anapendana na msichana wa mji, na watu wanampiga kwa sababu tu ni Mjerumani. Nani atasema hizo ni kelele za propaganda, kama makala yenu ilivyodai kuhusu filamu zote za wakati huo?

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alipewa Tuzo ya Stalin, tuzo ya serikali ya Kisovieti, kwa filamu ya jasusi ya 1947, ambamo yeye mwenyewe aliigiza jenerali wa Kijerumani. Januari 1965 alijiua mjini Riga, Latvia, akiwa na miaka 62, huku akiandaa filamu nyingine.

Naomba mwandishi wenu arudi kwenye somo hili, na aanze na "Okraina".

Daktari mstaafu,
Pangani, Tanga