Hazina tupu ndiyo iliyoizaa Katiba ya Marekani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nichangie mjadala wa Katiba, ambamo Marekani hutajwa mara kwa mara kama taifa lililotaka serikali kuu yenye nguvu tangu siku ya kwanza. Nafundisha Historia katika sekondari moja hapa Dar es Salaam, na dai hilo si kweli.

Mkataba wa Shirikisho, katiba ya kwanza ya Marekani, ulioanza kutumika mwaka 1781, uliyaacha majimbo 13 yakiwa karibu na nchi huru. Kila jimbo lilikuwa na kura moja katika Kongresi, hapakuwa na rais mtendaji, na Kongresi yenyewe haikuruhusiwa kutoza kodi. Iliyaomba majimbo mchango, kisha ikasubiri. Wanafunzi wangu huelewa ninapowachorea ubaoni daftari la mweka hazina wa kamati ya harusi: safu ya ahadi imejaa hadi chini, safu ya taslimu ina mapengo, na siku ya kulipia ukumbi imewadia. Tofauti ni kwamba waliokuwa wakidai huko ni Ufaransa, pamoja na askari waliopigania uhuru bila kulipwa stahili zao. Ulipopendekezwa ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za nje, Rhode Island iliukataa mwaka 1782, na kwa kuwa kuubadili Mkataba kulihitaji ridhaa ya majimbo yote, pendekezo likafa.

Wakulima wa magharibi mwa Massachusetts, waliobanwa na madeni na kodi za jimbo lao, nao wakainuka. Januari 1787 Daniel Shays na wenzake waliliendea ghala la silaha la Springfield. Kongresi haikuwa na fedha za kuwakabili, hata wafanyabiashara wa Boston wakachangishana kulipia askari wa jimbo. Naamini hofu ya maasi hayo, kuliko falsafa yoyote, ndiyo iliyoupa uzito mkutano ulioandika Katiba, ulioanza Philadelphia mwezi Mei.

Nawasihi wachangiaji wako wasiishie Philadelphia. Wajumbe 55 walijadiliana kwa siri, milango ikiwa imefungwa, na 39 tu ndio waliotia saini mwezi Septemba. George Mason wa Virginia alikataa, akilalamika kwamba rasimu haikuwa na tamko la haki za raia. Watumwa, ambao kila mmoja alihesabiwa kama sehemu tatu ya tano ya mtu katika kugawa viti vya uwakilishi, hawakuulizwa lolote. Katiba ilipopelekwa majimboni, Virginia iliiridhia kwa kura 89 dhidi ya 79, na New York kwa 30 dhidi ya 27, zote zikidai marekebisho ya kulinda haki. Rhode Island, ileile iliyozuia ushuru, iliingia mwaka 1790 kwa kura 34 dhidi ya 32, Kongresi ikiwa tayari imeyapitisha marekebisho hayo na kuyapeleka majimboni.

Mwalimu wa Historia,
Temeke, Dar es Salaam