Pimeni tope la Msimbazi kabla ya kulihamisha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu Mto Msimbazi. Mvua kubwa ikinyesha kila mtu anauzungumzia: Jangwani hapapitiki, mwendokasi umesimama, nyumba zimezama. Maji yakishuka tunanyamaza. Mimi nataka kusema juu ya kile ambacho maji yanakiacha, yaani tope.

Naishi Kigogo, si mbali na ukingo. Jioni nyingi vijana wa chuma chakavu huja na viroba vya waya za umeme, wanazirundika juu ya tairi kuukuu na kuwasha. Moshi ni mweusi tii, harufu yake inakaba koo. Haupiti muda maganda yameteketea, imebaki shaba ya kuuza kwa kilo. Siwalaumu sana, shaba hiyo ndiyo ugali wao. Lakini majivu yanabaki palepale, kuku wa majirani wanayachakura, na mvua ya kwanza inayasomba mpaka mtoni.

Maganda ya waya nyingi ni plastiki ya PVC, ambayo ina klorini. Yakiungua kwa moto wa ovyo, tena na shaba ikiwa hapo kuchochea, huzaa dioksini. Sumu hii huioni wala huinusi. Haipendi maji, inang'ang'ania chembe za udongo na mafuta. Ndiyo maana mtu anaweza kuchota maji ya mto, akayapima asikute kitu, kumbe mzigo wote umelala chini. Anayeishi huko chini ni kambale, na kambale tunamjua anakoishia. Ikiingia mwilini mwa binadamu inakaa kwenye mafuta, na kupungua kwa nusu tu huchukua miaka 7 hadi 11. Dioksini ziko za aina nyingi, na ile kali kuliko zote imetangazwa tangu 1997 kuwa inasababisha saratani.

Wenzetu wa Newark, Marekani, wanalijua tope la namna hii. Kando ya Mto Passaic kulikuwa na kiwanda cha dawa za kuua magugu kilichokoma kuzitengeneza mwaka 1969, kikaacha dioksini kwenye tope la mto. Mpaka leo kaa wa pale hawaruhusiwi kuvuliwa. Mwaka 2016 serikali yao iliamua kuchimba tope, ukingo hadi ukingo, katika kilomita 13 hivi za mwisho za mto, kwa makadirio ya dola bilioni 1.38. Msimbazi hauna kiwanda kama kile, nakubali. Una moto mdogo mdogo wa kila siku, na madampo ya zamani ya Tabata na Vingunguti.

Sasa kuna mradi wa kuendeleza bonde kwa fedha za Benki ya Dunia, na mimi ni mmoja wa wanaoungoja kwa hamu. Mpango wake ni pamoja na kuchimba mto na kutumia udongo huo kuinua ardhi ya pembeni. Ombi langu ni moja: tope lichukuliwe sampuli kuanzia Vingunguti hadi Daraja la Selander, hasa panapochomwa waya, lipimwe dioksini, na majibu yabandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa. Kipimo hiki ni ghali kuliko cha risasi au zebaki, najua. Lakini tope likishasambazwa na watu wakapandia mchicha, nani atalizoa tena?

Wala hatuanzii sifuri. Wakazi wa Tabata walilipeleka Jiji Mahakama Kuu mwaka 1988 kwa sababu ya moshi na uvundo wa dampo, wakashinda. Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti sumu zinazodumu kwenye mazingira, mwaka 2004, na mkataba huo unataja waziwazi uchomaji wa waya za shaba kuwa chanzo cha dioksini.

Kuhusu wale vijana, kuwafukuza ni kuwahamishia ukingo mwingine. Nilimuuliza mmoja kwa nini asimenye kwa kisu. "Mama, kiroba kimoja ni kutwa nzima, na vidole vinakwisha," akanionyesha makovu. Shaba iliyomenywa ina bei kuliko iliyoungua, yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia. Mashine ya kumenyea waya ameiona kwa mnunuzi mmoja, anasema wangechangiana kuinunua kama wangepata pa kuiweka.

Mkazi wa Kigogo,
Dar es Salaam