Ripoti ikikatika njiani, msikimbilie kununua seva

Ndugu Mhariri,

Kila msimu wa kufunga hesabu hapa Dar es Salaam husikika ofisi imeshauriwa kununua seva mpya, eti ripoti ya miamala ya mwaka haimaliziki. Wenye ofisi, kabla ya kulipa, mwambieni fundi aangalie kwanza programu inavyosoma data.

Mifumo mingi ya maduka na SACCOS imeandikwa kwa PHP (lugha ya programu) na MySQL (hifadhidata inayotunza rekodi). PHP ikiachwa ilivyo, hupokea jibu lote na kulirundika kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ndipo ianze kusoma rekodi ya kwanza. Kikomo cha kawaida cha RAM ambayo programu ya PHP inaruhusiwa kutumia ni MB 128. Rekodi milioni 2 za baiti 500 kila moja ni takriban GB 1, kwa hiyo programu hufa, na ujumbe wa kosa hutaja baiti 134217728, yaani hizo MB 128. Kupandisha kikomo ni kuahirisha tu. Miamala ya mwakani itakifikia.

Dawa ni kusoma bila bafa, yaani rekodi moja moja bila kulirundika jibu lote kwanza. PHP huongea na MySQL kwa mysqli au PDO. Kwenye mysqli weka MYSQLI_USE_RESULT. Kwenye PDO zima PDO::MYSQL_ATTR_USE_BUFFERED_QUERY. Kila rekodi ikifika, iandike papo hapo kwenye faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) kwa fputcsv. Anayefanya hivi kisha akaita fetchAll, inayochukua rekodi zote kwa mkupuo, amerudi kule kule. (Excel nayo haipokei zaidi ya mistari 1,048,576 kwenye ukurasa mmoja, basi gawanya faili.)

Ukisoma bila bafa, muunganisho wa programu na MySQL haukubali kwiri (ombi la data) nyingine mpaka rekodi zote zisomwe au matokeo yafungwe. Ukilazimisha, unapata kosa namba 2014. Ukihitaji jina la mwanachama katikati ya kazi, fungua muunganisho wa pili au, bora zaidi, tumia JOIN, inayounganisha majedwali ndani ya kwiri moja, tangu mwanzo. Idadi ya rekodi pia haijulikani mapema, ni lazima uiombe kwa kwiri ya kuhesabu, COUNT(*).

Linalowasumbua mafundi zaidi ni kutuma SMS kwa kila rekodi inayosomwa. SMS moja ikichukua hata sekunde moja, programu huchelewa kupokea, data hujaa njiani, na MySQL ikishindwa kusukuma nyingine kwa sekunde 60, ambazo ndizo muda wake wa kawaida wa kusubiri (net_write_timeout), hukata muunganisho. Maliza faili kwanza, SMS zifuate.

Orodha fupi za kwenye skrini, rekodi mia mbili au mia tatu, ziacheni na bafa yake.

Mtengeneza programu,
Kariakoo, Dar es Salaam