Maneno 100 kwa dakika ya nini tena?

Mhariri habari za kazi, naomba nafasi kidogo. Mimi nina steshenari hapa Tabora, uhazili, yaani kazi ya ukatibu wa ofisi, nimesomea hapahapa enzi zile za taipureta, mashine za utepe, kwa hiyo hili jambo linanigusa sana.

Miaka ya nyuma kidogo tu mwanachuo alikuwa anakuletea risechi ya mkono kurasa 60, unamtaipia, na msimu wa risechi ukifika tulikuwa tunalala dukani. Siku hizi anaongea na simu, akili mnemba inamwandikia, kwangu anakuja kuprinti na kubaindi basi. Sawa, mimi silii na teknolojia, na mimi mwenyewe naitumia.

Ninaoumia kwa ajili yao ni hawa mabinti walioko chuoni sasa hivi. Binti wa mdogo wangu anasoma uhazili, usiku anakesha na hatimkato, yale maandishi ya mkato ya kunasa maneno mtu anavyoongea, kwa sababu matangazo ya kazi serikalini yanataka maneno 100 kwa dakika moja, Kiswahili na Kiingereza. Na huku Mahakama ya Tanzania imeshaleta mfumo wa akili mnemba unaosikiliza kesi na kuandika wenyewe, na unatafsiri Kiswahili na Kiingereza. Sasa huyu mtoto anafundishwa kushindana mbio na kitu kisichochoka mkono, jamani?

Na kazi ipo, ndo maana naandika. Juzi mwalimu kaja kuprinti barua ya kuomba uhamisho, kaandikiwa na simu, Kiswahili kimenyooka kweli ila imekwenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi, hakuna "Kupitia" kwa Mwalimu Mkuu wala kwa mtu yeyote, na katikati imesema "naachia nafasi yangu". Mtu anaomba kuhama karibu na familia yake, barua inasomeka kama anaacha kazi! Nikamkalisha tukairekebisha mstari kwa mstari, akalipa kwa moyo mmoja. Siku hizi barua za hivyo napata kila wiki, na anayeziona kasoro ni yule aliyekaa masijala, kule barua na majalada ya ofisi yanakotunzwa, akajua barua inapita wapi na inafunguliwa na nani.

Tena kuna suala la siri, sisi tulifundishwa jalada la siri halitoki mezani, leo mtu anapiga picha faili la mtumishi anairusha kwenye programu ya simu imfupishie, hajui inakwenda wapi.

Ombi langu kwa wanaopanga mitaala na wanaoandika hizo sifa za ajira, punguzeni masaa ya hatimkato, wekeni somo la kukagua kilichoandikwa na mashine, na la siri za ofisi kwa zama hizi. Binti wetu ana mtihani wa hatimkato mwezi ujao, nimemwambia afaulu kwanza, likizo aje dukani nimkalishe na hizi barua.

Mwenye steshenari,
Tabora